Zana nafuu za kidijitali zinavyoweza kuwapa sauti wakazi wa Thika na Ruiru

MNAMO Aprili 17, 2014, Mahakama Kuu ilifutilia mbali Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka wa 2013.

Jaji George Odunga aliamua kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika utungaji wa sheria hiyo iliyokusudia kuwatoza ada na ushuru. Alisema tangazo la siku moja gazetini huenda lisitoshe katika nchi ambamo wengi huliona gazeti kuwa anasa. Wala haitoshi, alieleza, kurusha ujumbe kwa mtindo wa Twitter kisha kuwaachia wanaojali waupekue wenyewe. Bunge la kaunti lilipaswa kuwafuata watu makanisani, misikitini, hekaluni, barazani na redioni.

Mahakama ya Rufaa iliunga mkono uamuzi huo mwaka wa 2017. Hadi leo, hukumu hiyo ya Kiambu hurejelewa mahakamani panapozuka mzozo kuhusu ushirikishwaji wa umma.

Hukumu hiyo ililenga wajibu wa serikali. Lakini upo upande wa pili wa shilingi: wakazi wenyewe watajuaje kwamba mkutano umeitishwa, watakubaliana vipi kuhusu la kusema, na watahifadhi wapi ushahidi kwamba walisema? Makala haya yanaeleza zana za bei nafuu zinazoweza kuwasaidia, mahali zinapofaa na mahali zinapokwama.

Miji inayolala kwingine na kufanya kazi kwingine

Thika iko takriban kilomita 40 kaskazini mashariki mwa Nairobi, nayo Ruiru iko katikati ya njia. Kwa mujibu wa sensa ya 2009, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Sensa ya 2019 iliwahesabu 490,120, na kuufanya kuwa miongoni mwa miji mikubwa zaidi nchini. Thika ilikuwa na watu 251,407.

Ongezeko hilo lilienda sambamba na ujenzi wa barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Mashamba ya kahawa yaligeuka viwanja vya nyumba. Maji, majitaka, taka na barabara za mitaani vimekuwa vikiwafukuza watu kwa nyuma bila kuwafikia.

Wakazi wengi wa Gitothua, Mwihoko, Kahawa Wendani na wadi nyinginezo za Ruiru huondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurejea usiku. Huko Thika, wapo wanaofanya kazi kwa zamu viwandani. Mkutano wa bajeti unapoitishwa Jumanne saa nne asubuhi, watu hawa hawawezi kuhudhuria. Aidha, wapangaji huhamahama, na wengi hawamjui mwakilishi wa wadi yao wala jirani wa mlango wa pili.

Hapa ndipo simu ya mkononi inapofaa. Haiondoi haja ya baraza, lakini humwezesha asiyeweza kufika kujua lililosemwa na kuongeza lake kabla ya uamuzi kupitishwa.

Arafa bado ina nguvu

Zana rahisi kuliko zote ni ujumbe mfupi wa simu, yaani arafa. Huingia katika kila rununu, hata ile ya vibonye almaarufu 'kabambe', na hauhitaji bando la intaneti.

Kampuni zinazouza arafa kwa wingi aghalabu hutoza chini ya Sh1 kwa ujumbe mmoja. Chama cha wakazi chenye kaya 600 kinaweza, kwa gharama isiyozidi Sh600, kuzijulisha zote tarehe, mahali na ajenda ya mkutano. Ni nafuu kuliko kuchapisha mabango, na haung'olewi na mvua.

Wakenya wana uzoefu wa kutosha katika jambo hili. Programu ya FrontlineSMS, iliyobuniwa mwaka wa 2005 na Mwingereza Ken Banks, iliyawezesha makundi ya kijamii barani Afrika kutuma na kupokea arafa nyingi kwa kuunganisha simu na tarakilishi bila intaneti. Kabla ya chaguzi kuu za 2017 na 2022, wapiga kura walithibitisha usajili wao kwa kutuma nambari ya kitambulisho kwa 70000.

Mfano uliovuma zaidi ulitoka Lanet Umoja, Nakuru. Kuanzia mwaka wa 2011 au hapo karibu, Chifu Francis Kariuki alitumia Twitter kuwatangazia wakazi habari za wizi, mifugo iliyopotea na mikutano. Wengi hawakuwa na simu za kisasa. Walizipata taarifa zake kwa arafa, kwani wakati huo Twitter iliruhusu hivyo bila malipo. Vyombo vya habari vya kimataifa viliripoti mwaka wa 2012 jinsi ujumbe wake wa usiku ulivyowaamsha majirani na kuwatimua wezi waliokuwa wamevamia nyumba ya mwalimu.

Huduma hiyo ya arafa ilikomeshwa baadaye na kampuni yenyewe. Funzo ni kwamba kundi lisijenge mipango yake yote juu ya huduma ya bure inayomilikiwa na mtu mwingine. Orodha ya nambari za wanachama na ihifadhiwe mahali pengine pia, ikiwezekana katika daftari la katibu.

Kundi la WhatsApp lenye utaratibu

Mitaa mingi ya Thika na Ruiru tayari ina makundi ya WhatsApp. Tatizo ni kuwa tangazo la mkutano huzama katikati ya salamu za asubuhi, matangazo ya kuuza nyumba na picha za kuchekesha.

Dawa yake haigharimu chochote. Kundi la kwanza liwe la matangazo pekee, ambamo wasimamizi tu ndio wanaoandika. La pili liwe la mjadala. Tangu mwaka wa 2022, WhatsApp imeruhusu kundi moja kuwa na hadi watu 1,024, na kuyaunganisha makundi kadhaa chini ya mwavuli mmoja. Hivyo kila ploti au barabara inaweza kuwa na kundi lake dogo, nayo matangazo yakawafikia wote.

Huduma ya kura iliyomo ndani ya programu hiyo hufaa kupima maoni, mathalani taa za barabarani zianzie wapi. Hata hivyo, kura hiyo isichukuliwe kuwa uamuzi wa mtaa mzima, kwa sababu asiye na simu ya kisasa hakupiga.

Wasimamizi wawe zaidi ya mmoja na wabadilishwe kwa muda maalumu. Kundi linalomilikiwa na mtu mmoja huweza kugeuzwa jukwaa la kampeni msimu wa uchaguzi ukifika, au kufa siku anapohama.

Baada ya kila mjadala mkubwa, katibu aandike muhtasari wa hoja tatu au nne na kuuchapisha katika kundi la matangazo. Ofisa wa kaunti hawezi kusoma jumbe 800, lakini ataisoma barua ya ukurasa mmoja.

Fomu na ramani

Malalamiko yasiyo na idadi hupuuzwa kwa urahisi. Tofauti kati ya kusema "mitaro imeziba" na kusema "mitaro 14 imeziba, hii hapa orodha na picha" ni kubwa.

Kenya ina historia ndefu katika ukusanyaji wa habari za aina hii. Mnamo Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walishiriki kuanzisha Ushahidi, jukwaa lililopokea taarifa za wananchi kwa arafa na mtandao na kuziweka kwenye ramani. Baadaye lilitumiwa nchini Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010, na katika mataifa mengine mengi.

Mwaka wa 2009, vijana wa Kibera walianza kuichora ramani ya mtaa wao kwa vifaa vya GPS chini ya mradi wa Map Kibera. Kabla ya hapo, mtaa huo uliojaa shule, zahanati na visima vya maji ulionekana kama mahali patupu katika ramani. Kazi yao iliingizwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuihariri bila malipo.

Mtaa kama Kiandutu mjini Thika unaweza kufuata njia hiyo hiyo. Simu moja ya kisasa yenye GPS inatosha kuanza. Kwa kukusanya majibu, zipo programu za bure kama ODK na KoboToolbox. Ubora wake ni kwamba fomu hujazwa bila intaneti, kisha hutumwa mkusanyaji anapofika penye mtandao.

Fomu iwe fupi: ni tatizo gani, liko wapi, lilianza lini, linawaathiri watu wangapi, na picha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja na wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilichoko Thika wanaweza kuombwa kusaidia kuiandaa. Wasio na tarakilishi wanaweza kuyachapisha matokeo katika saiba yoyote mjini.

Kujua mlango wa kubisha

Juhudi nyingi huishia patupu kwa sababu lalamiko lilipelekwa pasipohusika. Serikali ya kaunti husimamia barabara ndogo za mitaani, uzoaji taka, masoko na taa nyingi za mitaa. Dampo la Kang'oki mjini Thika, kwa mfano, ni suala la kaunti.

Barabara kuu ya Thika, pamoja na vivukio vyake vya miguu, iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu nchini, KeNHA. Baadhi ya barabara za mijini zi mikononi mwa KURA. Maji na majitaka hushughulikiwa na Thiwasco kwa upande wa Thika na Rujwasco kwa upande wa Ruiru na Juja.

Orodha ya afisi hizi, nambari zake rasmi na majina ya wawakilishi wa wadi ni jambo la kwanza ambalo kundi linapaswa kubandika katika ukurasa wake.

Kalenda isiyosubiri mtu

Zana bora haina maana ikitumika baada ya wakati. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo kaunti zote hufuata. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita. Waraka wa mikakati ya fedha huwasilishwa kufikia Februari 28, nao unaweka viwango vya pesa kwa kila idara. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia Aprili 30, na bajeti hupitishwa kufikia Juni 30.

Wakazi wengi huamka Juni, wakati pesa zimekwisha kugawanywa. Anayetaka barabara ya mtaa wake itengenezwe anafaa kuanza kusema mwezi Agosti, mpango wa mwaka unapoandaliwa, na kurudia Februari.

Kalenda ya simu inaweza kuwekwa vikumbusho vya tarehe hizi mara moja na ikavirudia kila mwaka. Arafa moja majuma mawili kabla ya kila tarehe yaweza kubadilisha idadi ya wanaohudhuria vikao.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 91, inazitaka kaunti kuweka njia za kuwashirikisha wananchi, zikiwemo majukwaa ya teknolojia ya habari, mikutano ya mijini na mbao za matangazo. Vifungu vya 15 na 88 vinampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi katika bunge la kaunti na kwa serikali ya kaunti.

Haki ya kuuliza

Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ilieleza utaratibu wake.

Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na hakuna ada ya kulituma. Anayeomba halazimiki kutoa sababu. Afisi husika ina siku 21 za kujibu, muda unaoweza kuongezwa mara moja kwa siku zisizozidi 14. Iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, jibu hutakiwa katika saa 48. Anayekataliwa anaweza kuomba uamuzi huo uchunguzwe na Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kama Afisi ya Ombudsman, katika siku 30.

Barua pepe ni chombo kizuri kwa kazi hii kwa sababu huacha alama ya siku na saa. Kundi linaweza kuuliza: zabuni ya mtaro huu ilipewa nani, kwa kiasi gani, na ilipaswa kukamilika lini? Swali likiwa mahususi, jibu la kukwepa huonekana.

Michango iliyo wazi

Shughuli yoyote ya pamoja huhitaji pesa kidogo. Tangu M-Pesa ianzishwe mnamo Machi 2007, kuchanga kumekuwa rahisi. Kuaminiana ndiko kugumu.

Mchango usiende katika nambari ya binafsi ya mwenyekiti. Nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kundi, pamoja na taarifa ya kila mwezi inayochapishwa katika kundi la matangazo, huzima minong'ono kabla haijawa moto. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022 inaruhusu kundi la watu wasiopungua 10 kusajiliwa. Usajili huo hurahisisha kufungua akaunti na huipa barua ya kundi uzito mbele ya maafisa.

Hatari za kutahadhari

Mnamo Juni 2024, vijana kote nchini walitumia X, TikTok na WhatsApp kuufafanua Mswada wa Fedha na kuandaa maandamano, hadi Rais William Ruto alipokataa kuutia saini Juni 26. Lakini kipindi hicho hicho kilionyesha hatari. Baada ya milio ya risasi kusikika Githurai usiku wa Juni 25, idadi mbalimbali za waliouawa zilienea mitandaoni kabla ya yeyote kuzithibitisha. Familia zilizokuwa zikiwatafuta wapendwa wao ndizo zilizoteseka zaidi. Kundi la mtaa linapaswa kuwa na kanuni: asiyeona kwa macho yake, aseme amesikia kwa nani.

Hatari nyingine ni ya kisheria. Mwishoni mwa Mei 2025, mtaalamu wa programu Rose Njeri alikamatwa baada ya kutengeneza tovuti iliyowawezesha wananchi kutuma maoni yao Bungeni kwa barua pepe kuhusu Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Alishtakiwa chini ya sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa mitandaoni. Juni 20, 2025, mahakama ya Milimani ilimwachilia ikisema mashtaka hayakuonyesha kosa lolote. Chombo alichobuni kilikuwa sahili, nacho ni aina ile ile ya zana inayozungumziwa hapa.

Kisha kuna siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda majina, nambari za simu na maelezo mengine ya mtu binafsi. Picha za vitambulisho zisisambazwe katika makundi. Orodha ya wanachama isitolewe kwa mwanasiasa wala mfanyabiashara bila ridhaa ya walioorodheshwa. Anayeripoti uhalifu au unyakuzi wa ardhi apewe njia ya kufanya hivyo faraghani.

Wasiofikiwa na simu

Si kila mtu anabebeka na mtandao. Wapo wazee wasiosoma arafa, watu wenye ulemavu wa kuona, kina mama wanaotumia simu ya mume, na vibarua wanaokosa hata pesa za kuchaji. Maamuzi yakifanyika mtandaoni pekee, hawa wanakuwa wageni katika mtaa wao.

Kwa hivyo kila tangazo la simu liandamane na karatasi ukutani mwa duka, neno kanisani na msikitini, na kituo cha bodaboda kinachojua kulieneza. Kila kaya yenye simu ipewe jukumu la kumjulisha jirani mmoja asiye nayo. Lugha iwe nyepesi, kwa Kiswahili au Kikuyu au nyingine inayoeleweka zaidi mahali hapo.

Pa kuanzia

Kundi jipya halihitaji tovuti wala mfadhili. Linahitaji makatibu wawili, daftari la wanachama, kundi moja la matangazo, akiba ndogo ya arafa na tatizo moja lililo wazi.

Mwezi wa kwanza, orodhesheni kaya na afisi zinazohusika. Wa pili, kusanyeni ushahidi wa tatizo hilo kwa fomu na picha. Wa tatu, itisheni kikao jioni au Jumamosi, wakati wafanyakazi wapo, kisha tumeni barua na kuhifadhi nakala. Siku 21 zikipita bila jibu, peleka ombi kwa Afisi ya Ombudsman.

Walioishtaki Kaunti ya Kiambu walishinda kwa kuwa sheria ilikuwa upande wao na walijua kuitumia. Sheria hiyo haijabadilika. Kinachobaki ni mkazi kuweka kumbukumbu za alichoambiwa, alichoomba na alichojibiwa, ili siku ya kudai haki yake ikifika asiwe mikono mitupu.